Watoto Tisa Wasiokuwepo

Letpangon
Siku ya sita baada ya mwezi mpevu wa Waso, mwaka wa Kiburma 1254

Mkaguzi ameandika kwamba shule ya dada yako ina watoto tisa wasiokuwepo duniani! Tisa! Kaandika mbele ya macho yangu, kwa wino, akafunga daftari pwaa, akarudi kwenye mtumbwi wake bila hata kuonja majani ya chai ya kuchachusha tuliyomwandalia.

Sasa salamu. Hujambo, mwanangu Kyaw Zan? Unakula vizuri? Hapa wote wazima. Sigara zangu zinauzwa kabla sijamaliza kuzisokota, na kila anayenunua lazima asikie kwanza kwamba mwanangu ni karani katika ofisi ya Mkaguzi wa Shule mjini Kyauktalon, meza ya nne kutoka dirishani. Asiyetaka kusikia akanunue kwingine.

Sikiliza ilivyokuwa. Siku ya mwezi mpevu wavulana tisa wa shule ya dada yako waliingia utawani kwa miezi mitatu ya mvua, kama ulivyoingia wewe. Lo, ungeona! Farasi tisa, miavuli tisa ya dhahabu, ngoma tangu alfajiri. Farasi wa yule mtukutu Po Thein nilimkodi mimi, maana mama yake hana kitu. Wakanyolewa, wakavikwa njano, Sayadaw, mkuu wa watawa, akawapa majina mapya. Po Thein sasa ni Shin Nandiya. Hata kutembea anatembea polepole, huwezi kuamini ni yeye aliyeniibia ndizi.

Siku nne baadaye, Mkaguzi huyoo. Hakutoa taarifa. Akawakuta watoto kumi na tisa, daftari la mahudhurio lasema ishirini na wanane. "Wengine wako wapi?" Dada yako akamwambia wako kule ng'ambo ya bwawa kwa watawa, watarudi mvua zikiisha. Basi bwana akabeba daftari, akaenda nalo mpaka chini ya ngazi za watawa, akaanza kuita kwa sauti ya mnadi: "Maung Po Thein!" Kimya. "Maung Lu Gyaw!" Kimya. Vichwa tisa kama mayai yamepangwa, hakuna aliyepepesa jicho.

Wangeitikaje? Jina la nyumbani koyin, mtawa mtoto, ameliacha pamoja na nywele zake. Mimi mwenyewe nikikutana na Po Thein njiani napiga magoti na kumwita bwana. Me Kin Le alikuwa pale na chungu cha wali. Aliposikia jina la mwanawe linapigiwa kelele aliona haya akaziba masikio.

Mkaguzi akamwuliza Sayadaw, hawa wanaitwa nani? Sayadaw akamtajia: Shin Nandiya, Shin Kawthala, Shin Zawtika, mpaka wa tisa. Hakuna hata mmoja aliyemo daftarini. Basi akasema: "Wenye majina hawapo, na waliopo hawana majina humu. Mwalimu ameandika watoto hewa." Nikamjibu kwa upole na kwa heshima, lakini hakutaka kuelewa.

Wewe unajua kanuni kuliko mimi. Chini ya watoto ishirini na watano hakuna ruzuku, na shule ikifutwa kwenye orodha, watoto wake hawaruhusiwi kufanya mtihani wa Serikali wa Kiburma. Bila mtihani ule wewe leo ungekuwa unanisokotea sigara. Shule pekee katika ukingo huu inayofundishwa na mwanamke, na mwanamke mwenyewe nimemzaa mimi! Inuka kwenye meza yako ya nne ukamweleze.

Mama yako,
Daw Hnin Yon


Kyauktalon
22 Julai 1892

Kwa Mama mpendwa, nakuinamia mara tatu.

Barua yako imefika na stima ya Jumatano. Mimi ni mzima. Mwezi huu karani mkuu amenipa kazi ya kunakili barua zote za Kiburma zinazotoka ofisini, kwa sababu ya mwandiko wangu. Nimeona nikuambie kwa kuwa najua utafurahi.

Kuhusu jambo la shule: ripoti hiyo inapita meza nyingine, sijaiona. Mkaguzi si mtu mbaya, ila ni mzungu mgeni nchini na anafuata kitabu. Ushauri wangu ni kwamba Dada akiletewa karatasi ya kutia sahihi, atie. Aseme tu kwamba majina tisa yaliingizwa kimakosa. Hayo ni maneno ya ofisi, hayaumi mtu. Mwaka ujao ataomba upya, shule itarudishwa, na wote watasahau.

Tafadhali, Mama, usilizungumze jambo hili sokoni. Na usiitaje meza yangu.

Mwanao mtiifu,
Maung Kyaw Zan


Letpangon
Siku ya tano ya Wagaung

Barua ya Serikali imefika, na mimi nimejiaibisha mbele ya kijiji kizima, kisa wewe.

Mkuu wa kijiji alituita ukumbini ili aisome. Alipoifungua tu, kabla hajatamka neno, niliona mwandiko. Zile herufi zako za duara! Zimejaa, zimefungwa, zimekaa kama lulu kwenye uzi. Babu yako ndiye aliyekufundisha kuzizungusha hivyo, kwa chaki juu ya ubao mweusi, na ukikosea anakupiga kidole. Nikasimama. Nikasema kwa sauti: "Jamani, tazameni! Huo ni mkono wa mwanangu! Serikali nzima haina mwandiko kama huo!" Watu wakanyoosha shingo. Mke wa mkuu akasema kweli, mzuri. Nikajisikia kama niko juu ya tembo.

Kisha akasoma.

"Shule ya Ma Thet Pon, Letpangon, imefutwa kwenye orodha kwa sababu ya mahudhurio ya uongo."

Hakuna aliyenitazama. Hicho ndicho kilichoniuma. Wote waliangalia mikeka yao. Nikakaa chini.

Ile ya Serikali ina tarehe 21. Yako kwangu ina tarehe 22. Wino ni ule ule. "Inapita meza nyingine, sijaiona." Kyaw Zan, nimekuzaa siku ya Jumatatu wakati wa mafuriko, juu ya paa, na mkunga alikuwa amelewa. Usinidanganye mimi.

Haya, nimemaliza kulia. Sasa habari njema. Dada yako hakufunga shule hata siku moja. Asubuhi iliyofuata watoto walikuwa wanaimba herufi kwa sauti hata kuku wa jirani wakahama. Watu waliposikia kuna shule ya watoto wasiokuwepo, walikuja kuichungulia. Wawili wakawaacha binti zao hapo hapo. Wazazi wamekubaliana, kila nyumba italeta kibaba cha mchele kwa juma. Mimi naleta vitatu, na nimehakikisha kila mtu ameviona.

Lakini mchele hauwezi kuwapeleka watoto kwenye mtihani. Hilo nalijua, huna haja ya kunikumbusha.

Mama yako,
ambaye hata hivyo anasema mwandiko ule ni mzuri,
Daw Hnin Yon


Kyauktalon
6 Agosti 1892

Mama,

Ni kweli. Niliinakili mimi. Karani mkuu aliiweka mezani pangu asubuhi, akasema iende na stima ya jioni. Niliposoma jina la Dada niliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Vipi, kalamu mbovu?" Nikasema ndiyo, kalamu mbovu. Akanipa nyingine, nikaandika.

Nilifikiri nikiandika mimi itakuwa na heshima zaidi kuliko akiandika mwingine. Huo ndio ujinga niliojiambia. Niliifuta mara mbili nikaanza upya ili duara zikae sawa.

Kumweleza Mkaguzi sikuthubutu. Hajui kwamba Ma Thet Pon ni dada yangu. Ofisini wanasema karani wa Kiburma mwenye ndugu katika shule za ruzuku hafai kushika barua, na wapo wengi wanaoitamani meza hii.

Naambatisha ile karatasi ya kutia sahihi. Inasema kwamba majina tisa yalibuniwa na mwalimu, na kwamba anaomba radhi. Ikirudi kabla ya mwisho wa mwezi, shule inaweza kurudishwa mwakani. Mama, usiichane. Mpe Dada mwenyewe. Najua utataka kuichana.

Kyaw Zan


Letpangon
Siku ya nne baada ya mwezi mpevu wa Wagaung

Mdogo wangu Kyaw Zan,

Mama hakuichana. Aliikalia kutwa nzima akisokota sigara, jioni akanipa, akaenda kuchota maji wakati mitungi yote imejaa.

Alikuandikia kwamba alimjibu Mkaguzi kwa upole na kwa heshima? Ngoja nikueleze. Mkaguzi alipotaka kupanda ngazi za watawa na viatu vyake, Mama alimtangulia, akapanda vidato viwili, akageuka, akatanua mikono kama anayezuia bata. Akamwambia: "Hapa hata mfalme alikuwa anavua viatu. Wewe kwani mshahara wako ni kiasi gani?" Watoto wakaangua kicheko. Wale koyin tisa wakaficha nyuso nyuma ya mapepeo yao, mapepeo yanatetemeka kwa kicheko. Hapo ndipo alipoandika, akafunga daftari. Kabla ya hapo alikuwa anauliza, hajaandika neno.

Na hakuwa mkali. Alikaa kwenye mkeka wetu akamsikiliza Ma Ohn Khin akisoma ukurasa mzima, akasema vizuri sana. Hesabu za wadogo alizisahihisha mwenyewe, akacheka mmoja alipomwambia amekosea, na kweli alikuwa amekosea.

Kosa langu nalijua. Siku walipopewa majina mapya nilikuwepo, nilisikia kila jina, na daftari lilikuwa nyumbani kwenye rafu. Haikunijia akilini kuyaandika. Jina alilopewa mtu na Sayadaw unaliandikaje kwa penseli kwenye kitabu cha ofisi, katikati ya siku za homa na siku za utoro? Nani kijijini hapa angefikiria hilo? Lakini kutofikiria si kubuni.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, Kyaw Zan. Nilishaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Nikamwona Po Thein akipita na bakuli lake la sadaka, wa mwisho kwenye mstari, anahesabu hatua kwa midomo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu. Ilinichukua mwaka na nusu, na mara mbili aliruka dirishani. Nikitia sahihi, mtoto yule hajawahi kukaa mbele yangu. Mvua zikiisha atarudi na nywele zake fupi, na mimi nitamwambia nini? Karibu, ila wewe nilikubuni?

Karatasi yako hii hapa, nimeifuta ile herufi moja. Irudishe.

Usidhani siogopi. Ma Ohn Khin yuko tayari kwa mtihani wa Machi, na baba yake amesema shule isiporudishwa atamtoa, akapande mpunga. Ana miaka kumi na mbili na anasoma kuliko mkuu wa kijiji. Kila nikimwona naogopa. Mama haogopi kwa sababu kazi hiyo ameniachia mimi.

Swali moja tu. Wewe ulipokuwa koyin, mbona hukufutwa?

Dada yako,
Thet Pon


Kyauktalon
27 Agosti 1892

Mama na Dada,

Swali la Dada lilinikosesha usingizi, kwa hiyo nilikwenda kwenye sanduku la madaftari ya zamani nikajitafuta. Nilikuwemo. Maung Kyaw Zan, hayupo, hayupo, hayupo, miezi mitatu. Mkaguzi wa wakati ule alikuwa mzee aliyekaa nchini miaka thelathini, ameandika pembeni, "Yuko utawani, kama kawaida." Basi. Maneno manne.

Nimeisoma kanuni yote. Kifungu cha kumi na saba kinasema mwalimu aliyefutwa anaweza kuomba ukaguzi wa pili, mbele ya watu, akitoa taarifa ya siku thelathini na kutaja siku mwenyewe. Hakuna aliyewahi kukitumia kwa sababu hakuna aliyewahi kukinakili kwa Kiburma. Nimekinakili. Nimeandika ombi kwa jina la Dada, nikachora safu mbili, jina la nyumbani upande huu, jina la utawani upande ule, watoto tisa. Chini yake nikatia sahihi kama shahidi, na majina yangu mawili: Maung Kyaw Zan, aliyekuwa Shin Withuda. Nikaongeza kwamba mwalimu ni dada yangu.

Sikuliweka kwenye faili. Nililipeleka mkononi mwake, pamoja na lile daftari la zamani. Alisoma muda mrefu. Akaniuliza, "Una majina mawili?" Nikasema ndiyo, bwana. "Na aliyenakili barua yangu alikuwa yupi?" Nikasema, "Yule mwoga, bwana."

Hakucheka. Ila ombi amelipiga muhuri. Mimi nimeondolewa kwenye barua. Sasa nabandika bahasha, meza iliyo karibu na mlango, upepo unaingia. Mwezi ukiisha wataamua kama nabaki au naondoka.

Dada ataje siku. Taarifa ifike hapa kabla ya tarehe 6 Septemba. Nashauri mchague wiki moja baada ya mvua, wavulana wakiwa wameshavua njano. Wataitika majina yao ya daftarini na jambo litakwisha kwa dakika tano.

Nawainamia,
Kyaw Zan


Letpangon
Siku ya kumi na mbili ya Tawthalin

Wiki moja baada ya mvua? Hatutaki! Nimemwambia dada yako, naye amekubali, na Sayadaw amekubali, na leo taarifa inakuja kwa stima hii hii, kwa mwandiko wa dada yako mwenyewe, na ina siku tuliyoichagua sisi.

Mwanangu, unabandika bahasha? Zibandike vizuri. Sokoni nilikuwa nasema meza ya nne. Sasa nasema mwanangu alimtazama Mkaguzi usoni akajiita mwoga, na mtu anayeweza kusema hivyo kwa mzungu wake hawezi kuwa mwoga. Mke wa mkuu alitaka kusema neno kuhusu mlango na upepo. Nikamwuliza, na wako yuko meza ya ngapi? Wake yuko kwenye vijiwe vya kamari. Akanunua sigara kumi.

Wakikufukuza, rudi. Watoto wamezidi kuletwa, shule ina thelathini na sita sasa, bila wale tisa, na dada yako amekauka sauti. Babu yako angekupa chaki siku hiyo hiyo.

Nikueleze kwa nini hatusubiri. Wakivua njano wakarudisha majina ya zamani, Mkaguzi ataita, wataitika, ataandika kwamba watoto tisa waliokuwa wamepotea wamepatikana. Hawakupotea! Mwakani wengine kumi wataingia utawani, na Mkaguzi mwingine, mgeni kuliko huyu, atawafuta tena, na karani mwingine atapewa kalamu nyingine. Awaone walivyo, wamenyolewa, wamekaa kimya, na awaandike hivyo hivyo walivyo. Safu mbili zako ziingie kwenye daftari la Serikali zikae humo hata mimi nikishakufa.

Nilikwenda kwa Sayadaw na ndizi na mafuta ya taa. Nilidhani atakataa, unajua asivyopenda madaftari. Akaniuliza, "Hnin Yon, bado unazuia watu kwenye ngazi zangu?" Nikasema naacha, bwanangu, kuanzia leo. Akasema atawaleta wale tisa mwenyewe mpaka ukumbini kwa dada yako, na yeye ndiye atakayewaita, jina la utawani kwanza. Kisha dada yako atasoma jina la nyumbani, kwa sauti ndogo, na mama wa mtoto atanyoosha mkono. Kunyoosha mkono si kumwita. Tumewauliza kina mama wote tisa. Me Kin Le alilia, akasema kwa hilo atanyoosha yote miwili.

Baada ya hapo kila mtoto atasoma ukurasa atakaouchagua Mkaguzi, si tutakaouchagua sisi. Po Thein, yaani Shin Nandiya, nikunong'onezee wewe tu, bado anababaika kwenye kugawanya. Sayadaw anamfundisha kila jioni kwa kokwa za ukwaju. Baba yake Ma Ohn Khin ameahidi kungoja hadi siku hiyo, wala si zaidi.

Na Mkaguzi asipokuja? Tutakagua wenyewe. Tumeandaa kiti chake. Kikiwa kitupu, dada yako atawauliza watoto maswali mbele ya kiti kitupu, mkuu wa kijiji ataandika majibu, watu wa vijiji saba watatia sahihi zao au dole gumba, na karatasi hiyo tutamletea ofisini kwake mguu kwa mguu, wote, na watoto mbele. Mwambie hivyo. Mwambie kwa upole na kwa heshima.

Vijiji vyote vya ukingo huu nimevialika, na wa ng'ambo ya mto, na shangazi zako wa Danugyi ambao hawajasemezana tangu mazishi ya mjomba, watakaa pande mbili. Mwalike karani mkuu. Waalike wale wanaoitamani meza yako. Waambie wali upo, kuku wapo, mchuzi wa samaki wa kuchachusha upo wa kutosha hata kwa mwenye pua nyepesi. Nawe omba ruhusa. Wakikunyima, njoo vivyo hivyo.

Mwezi mpevu wa Thadingyut, siku ya Alhamisi, wavulana wakiwa bado na njano, ukumbini kando ya bwawa, jua likishapita minazi na kabla watawa hawajala mlo wao wa mwisho, ule wa kabla ya adhuhuri. Kwa hesabu yenu ya ofisini ni tarehe 6 Oktoba.

Mama yako,
Daw Hnin Yon